Sura ya Sita: Atomi Sita za Rutili

Aliyekulia Mombasa haulizi Kibarani ni wapi. Zamani pua ndiyo iliyokuwa ikimwambia. Matatu ikitoka Changamwe kuingia kisiwani, kabla haijafika tuta la Makupa, madirisha yalianza kufungwa safu baada ya safu bila mtu kuamrishwa, na akina mama wakaziba pua kwa ncha za leso. Jaa la taka lilikuwa hapo hapo kando ya maji, likifuka moshi mchana na usiku, korongo wamesimama juu yake kama walinzi. Mwaka 2018 kaunti ikashika kazi ya kulifunga. Taka zikahamishiwa Mwakirunge, udongo ukamwagwa, miti ikapandwa. Mwaka 2022 yakafunguliwa madaraja mapya ya Makupa ili maji ya pande mbili, yaliyotenganishwa na tuta miaka na miaka, yakutane tena. Siku hizi mtu hupita Kibarani dirisha wazi.

Somo la kwanza la fani ninayoieleza katika sura hii nililipata kwenye jaa hilo, na walionifundisha hawakujua kwamba wanafundisha. Walikuwa vijana wanaochokora plastiki. Kijana huokota kipande, akakikunja, akakigonga kwenye jiwe, mara nyingine akakiunguza ncha na kunusa moshi wake, kisha akakitupa kwenye gunia. Hiki huku, hiki kule. Hakuchukua hata muda wa kupiga chafya. Mfuko laini wa mkate ulikwenda gunia moja na kipande cha kreti la soda gunia jingine, maana mnunuzi hakuvinunua kwa bei moja. Kumbe viwili hivyo ni kitu kimoja. Vyote ni kaboni na haidrojeni, haidrojeni mbili kwa kila kaboni, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Tofauti yao ni mpangilio. Ndani ya kreti minyororo ya atomi imenyooka na kulaliana kama kuni zilizofungwa vizuri. Ndani ya mfuko ina matawi, haikubali kulaliana, ndiyo maana mfuko ukawa laini.

Sayansi ya maada haina jambo kubwa kuliko hilo: kwa nini kitu kiko kilivyo, na kingekuwaje atomi zake zingepangwa vingine. Wengi katika fani hii hujibu kwa tanuri, kemikali na darubini. Kundi dogo zaidi, ambalo ndilo la sura hii, hujibu kwa kompyuta tupu. Mtafiti wake hana maabara ya kunukia. Huiambia mashine: nina atomi hizi, nimezipanga hivi, nipe ugumu wake, rangi yake, joto la kuyeyuka kwake, na kama itapitisha umeme au itakataa.

Mfano uko Likoni. Kuanzia mwaka 2014 meli zilikuwa zikipakia hapo mchanga mzito uliochimbwa Kwale na kampuni ya Base Titanium, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ndani ya mchanga huo mlikuwa na madini yaitwayo rutili, ambayo karibu yote ni oksidi ya titani, malighafi ya rangi nyeupe duniani kote. Huenda ukuta uliopakwa rangi nyeupe ya dukani pale Ganjoni una punje zilizozaliwa Msambweni, zikazunguka dunia na kurudi ndani ya mkebe. Ukiifungua punje ya rutili mpaka usiweze kuifungua zaidi, utakuta kasha dogo lenye titani mbili na oksijeni nne. Atomi sita. Kasha hilo linajirudia mamilioni kwa mamilioni, juu, chini na kila upande, na hiyo ndiyo punje. Titani na oksijeni zilezile, kwa uwiano uleule, zikipangwa vingine huitwa anatasi, na anatasi ndiyo iliyotumika sana katika seli za jua za aina ya ile iliyotangazwa na Brian O'Regan na Michael Grätzel mwaka 1991. Mfuko na kreti tena.

Nilijaribu kuyaeleza haya barazani, Kibokoni, baada ya magharibi, kahawa chungu ikipitishwa. Mzee mmoja akanikatiza.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mtu huyo akaa mbele ya kompyuta, ahesabu mchanga?"

"Hahesabu mchanga, mzee wangu. Ahesabu punje moja."

"Punje moja! Na mshahara walipwa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini maswali yake yalikuwa mawili na yote ni ya haki: punje moja ina nini hata ihesabiwe, na anayeihesabu anaishije. Sura iliyobaki ni jibu langu kwake, kwa kuwa usiku ule sikuwa nalo.

La kwanza. Kanuni ya kuhesabu tunayo tangu mwaka 1926, Erwin Schrödinger alipoandika mlinganyo wake. Shida ni wingi. Titani moja ina elektroni 22, oksijeni moja ina 8, kwa hivyo kasha letu la atomi sita lina elektroni 76. Kusema elektroni moja iko wapi kunahitaji namba tatu, na zote hazitengani, kila moja inaisukuma nyingine. Basi tunahitaji namba 228 kwa pamoja. Tuseme kila namba tumeipa nafasi kumi tu za kusimama. Jedwali la majibu litakuwa na mistari ambayo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 228. Atomi zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 na sufuri 80 hivi. Hakuna karatasi ya kuandikia jedwali hilo na haitakuwapo. Na hiyo ni rutili, punje ya mchanga wa kawaida. Bado hatujagusa saruji ya daraja wala kutu ya nondo zake.

Aliyetutoa hapo ni Walter Kohn, Myahudi wa Vienna aliyevushwa Uingereza mwaka 1939 akiwa na miaka 16. Wazazi wake hawakuvuka, waliuawa Auschwitz. Mwaka 1964, yeye na Pierre Hohenberg walithibitisha kwamba hakuna haja ya kuifuata kila elektroni. Inatosha kujua zimesongamana kiasi gani mahali gani. Mfikirie mtu anayetaka kujua hali ya feri ya Likoni saa moja asubuhi. Hana haja ya majina ya abiria, wala nani katoka Mtongwe na nani katoka Shelly Beach. Atazame tu watu wamejaa wapi na wapi pana nafasi, atajua kama feri imelala upande, kama inaondoka, kama kuna ugomvi karibu na mlango. Msongamano unahitaji namba tatu tu za mahali, si 228. Jedwali la sufuri 228 likawa jedwali la mistari elfu moja. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham wakaonyesha njia ya kulihesabu kwa vitendo, na mwaka 1998 Kohn, mwanafizikia, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ila uthibitisho ule unasema kanuni kamili ipo, hausemi ni ipi. Kipande kimoja cha hesabu mpaka leo kinakadiriwa, na makadirio yana tabia zake. Maarufu zaidi ni tabia ya kupunguza pengo la nishati, yaani nguvu inayohitajika kuing'oa elektroni mahali pake ili iweze kubeba umeme. Rutili halisi ina pengo la elektroni-volti 3.0. Hesabu ya kawaida hutoa chini ya 2. Kila mwanafunzi hupitia siku hiyo: kakesha, kapata jibu, kalilinganisha na kitabu, moyo ukamwenda mbio. Asiye na wa kumuuliza hufuta kila kitu na kuanza upya, mara tatu, mara nne, akitafuta kosa lisilokuwapo. Aliye na mtu wa meza ya pili huambiwa, "Hilo ni la kawaida, endelea." Nataka msomaji aishike tofauti hiyo ya wanafunzi wawili, kwa maana ndiyo inayoamua nani atafika na nani ataishia njiani.

Sasa la pili, la mshahara. Kuna msemo unaopendwa katika mikutano kwamba sayansi hii inaifaa Afrika kwa kuwa ni ya bei nafuu: kompyuta moja, programu ya bure, basi. Programu ya bure ipo kweli. Inayotumika sana kwetu ni Quantum ESPRESSO, iliyokulia mjini Trieste, Italia, na jina lake si bahati nasibu katika mji unaoishi kwa kahawa. Watu wa barazani Kibokoni wangeelewana nao vizuri. Unaipakua bila senti, unaifungua, unaona ndani yake ilivyoshonwa. Lakini msemo wenyewe siukubali. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo ya gharama.

Mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan aliijua gharama hiyo kabla ya sisi kuwa na kompyuta. Alirudi Lahore mwaka 1951, kijana mwenye jina tayari katika fizikia ya nadharia, kazi inayohitaji kalamu na karatasi tu, rahisi kuliko hata ya kompyuta. Mwaka 1954 akaondoka kurejea Cambridge. Hakukosa karatasi. Alikosa mtu wa kuongea naye. Ilimbidi achague kati ya nchi yake na fizikia, na hakupenda mwingine alazimike kuchagua hivyo. Mwaka 1964 akaanzisha huko Trieste kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, na pamoja nacho mpango wa kuwaita wanasayansi wa nchi kama zetu mara kwa mara, wakae wiki kadhaa, wazungumze, wachote, kisha warudi makwao kufundisha. Nobel yake ilikuja 1979. Mimi naona kituo kile ni kazi kubwa kuliko Nobel.

Huku kwetu, walioifuata njia hiyo mpaka ikazaa ni wanafizikia wawili, George Amolo na Nicholas Makau. Wote wawili wana mizizi ya kitaaluma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na hawakuanza na kompyuta. Mwaka 2003 Makau na T. E. Derry walichapisha utafiti kuhusu oksijeni inavyojibandika juu ya nyuso za almasi, kazi ya chemba ya ombwe na eksirei, mashine ambazo moja tu humeza bajeti ya idara nzima. Mtu aliyezoea vyombo vile akirudi pasipo navyo ana njia chache. Wapo wanaoacha utafiti wakabaki na chaki. Wapo wanaongoja msaada mpaka kustaafu. Hawa wawili waligeukia hesabu, wakaunda kikundi cha sayansi ya maada kwa kompyuta katika kampasi ya Chepkoilel, Eldoret, iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Baadaye Amolo akahamia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya jijini Nairobi, na mbegu ikawa mahali pawili.

Wakati huohuo Richard Martin wa Illinois, aliyeandika mwaka 2004 kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fani hii hukibeba, na mwanafunzi wake wa zamani Nithaya Chetty wa Afrika Kusini, pamoja na Sandro Scandolo wa Trieste, walikuwa wakipanga shule ya Afrika nzima ya kufundisha mbinu hizi. Ya kwanza ilikaa Cape Town mwaka 2010. Ya pili, mwaka 2012, ilikuja Eldoret. Zikafuata Johannesburg 2015, Accra 2016, Addis Ababa 2018. Ni majuma mawili: asubuhi nadharia, mchana mikono kwenye kibodi, jioni kikundi kidogo juu ya tatizo halisi. Siri yake ni kwamba wanafunzi wa mwaka huu hurudi safari nyingine kama wasaidizi, na wasaidizi hurudi kama walimu. Msomi wa nje anayekuja mara moja na kuondoka tumemwona sana; huacha picha ya pamoja na kalamu zenye nembo. Kurudi ndiko kulikoifanya shule hii ikawa shule. Tangu 2018 Kigali nayo ina taasisi ndugu ya Trieste, iliyoanza chini ya Omololu Akin-Ojo wa Nigeria, ambaye naye ni mtu wa fani hiihii, na kijana wa Afrika Mashariki anaweza kufika huko kwa basi.

Mashine je? Zina hadithi yake, na hapa Mombasa inaingia kwa mlango wa nyuma. Hesabu za namna hii hukua kwa kipeo cha tatu: atomi zikiongezeka maradufu, muda huongezeka kama mara nane. Tuseme laptopu imeimaliza rutili yetu ya atomi sita kwa dakika kumi. Mtafiti akitaka kuona kitu cha maana, kwa mfano atomi moja ya oksijeni ikikosekana, anahitaji kasha la atomi 72. Hiyo ni mara 12, na muda ni mara 1,728: siku kumi na mbili, usiku na mchana, kwa hesabu moja. Stima ikipotea siku ya kumi na moja, Mungu ampe subira. Kwa hivyo watafiti wengi wa Kenya hutuma kazi zao Cape Town, kwenye kituo cha taifa cha kompyuta kuu cha Afrika Kusini, kwa mashine iliyozinduliwa 2016 na kuitwa Lengau, yaani duma kwa Kitswana. Faili linaandikwa Eldoret au Kakamega, linahesabiwa Cape Town, majibu yanarudi. Kabla ya 2009 jambo hilo lingekuwa ndoto, kwa maana intaneti yetu ilitegemea setilaiti na ilitambaa. Mwaka ule nyaya za kwanza za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Mwaka 2010 ikafuata EASSy. Njia ya mawasiliano ya kusini ikawa hapa hapa, chini ya maji yaleyale ya mashua na dau. Atomi zetu zilitoka kwa meli kupitia Likoni, na hesabu zake zikatoka kwa waya. Mji umekaa katikati, unapitisha vyote viwili.

Kupitisha ni tabia yetu ya zamani. Msomi wetu Ali Mazrui alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, akakosa nafasi Makerere, akaajiriwa kazi ndogo katika Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Waislamu, ile MIOME ya Tudor ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ilibidi apelekwe Huddersfield, kisha Manchester, Columbia na Oxford, ndipo Makerere iliyomkataa ikampokea na kumpa uprofesa. Alirejea mjini moja kwa moja mwaka 2014, kuzikwa makaburini kwa ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu.

Basi mzee wangu wa Kibokoni, mshahara hulipwa, lakini sikiliza unavyolipwa. Kijana anayeshika njia hii leo hufanya shahada ya kwanza ya fizikia, uzamili, kisha uzamivu, na tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo vyake mwaka 2014, bila uzamivu haitwi mhadhiri. Akishaitwa, anapewa madarasa. Atomi 72 zinataka siku kumi na mbili za akili tulivu. Yeye ana mitihani ya mamia ya wanafunzi, vikao, na migomo ambayo ikiisha masomo yote hufidiwa kwa mbio. Ili apande kuwa mhadhiri mwandamizi na kisha profesa mshiriki anatakiwa kuchapisha, na majarida mengi ambayo kila mtu anaweza kuyasoma bure humtoza mwandishi ada inayozidi mshahara wake wa mwezi. Anayedumu ni yule mwenye watu: msimamizi anayepokea simu, mwenzake wa Addis aliyekutana naye kwenye shule ile, mtu wa Trieste anayesoma rasimu yake usiku. Kila jina kwenye orodha ya waandishi wa makala ya fani hii ni urafiki ulioanzia mahali. Ndiyo sababu sikubali neno "nafuu". Kompyuta hununuliwa mara moja. Watu hujengwa miaka ishirini, na Amolo na Makau walianza kuwajenga wakati hapakuwa na waya wala duma.

Nimemaliza ya wakubwa; neno la mwisho ni lako, kijana wa Kibarani, Makupa au Mji wa Kale, mwenye fizikia ya sekondari na laptopu ya kuazima. Programu haina malipo. Kasha la rutili lina upande wa angstromu 4.594 kwa upana na 2.959 kwa kimo. Titani moja iko pembeni na ya pili katikati. Oksijeni ziweke kwa kipimo cha 0.305. Mistari ya faili haifiki hamsini. Iache ihesabu, uende ukanywe kahawa, urudi usome pengo la nishati. Ukipata karibu 1.9, usifute. Umefanya sawa.